Mwalimu mkuu siyo afisa manunuzi jamani

Juzi nimempigia simu mwalimu mkuu mmoja wa shule ya msingi, mtu ninayemheshimu sana, saa nne asubuhi siku ya shule, naambiwa yupo mjini. Kafuata nini? Yupo steshenari, kijana wa pale anamsaidia kuingiza manunuzi ya saruji na mabati kwenye NeST, ule mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya serikali ya Tanzania, kwa sababu shuleni kwake mtandao ni wa kubahatisha na laptop ya shule haipo. Na paswedi kampa huyo kijana. Huku darasa la saba wanaomtegemea kwa hisabati wamekaa tu. Nimeumia sana, sijalala vizuri ndo maana naandika.

Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, Namba 10 ya 2023, ilianza kutumika Juni 2024, kanuni zake zikafuata Julai, na TANePS, mfumo wa zamani uliotangulia NeST, ilishafungwa kabla ya hapo. Kwahiyo muda wa kujiandaa ulikuwepo. Na sawa, nakubali, mfumo unaziba mianya, zile nukuu tatu za bei zilizoandikwa na mtu mmoja kwa peni tatu tofauti tulizizoea mno na hela za watoto zilipotea. Hilo sibishani na mtu.

Ila angalieni sheria yenyewe inavyofanya kazi. Inatenganisha watu makusudi: idara inayohitaji kitu ni wengine, kitengo cha manunuzi wengine, bodi ya zabuni wengine, afisa masuuli, yule anayewajibika kwa hela ya taasisi, juu yao, ili mmoja asiweze kuomba, kuchagua na kupokea peke yake. Halmashauri wana hao watu wote. Sasa shuka mpaka shule ya kijijini yenye walimu saba. Mwalimu mkuu ndo anahitaji, ndo anaingiza, ndo anapokea mzigo, na mkaguzi akija hoja ya ukaguzi inaandikwa kwa jina lake, mtu aliyesomea ualimu. Na akishampa paswedi kijana wa steshenari, ule ulinzi wote tuliousifia umekwisha, mtu asiye na ajira serikalini wala kiapo anaingia kwenye akaunti ya shule. Mwalimu afanyeje lakini? Aache vyoo visijengwe?

Tena kwa hela ipi. Ruzuku ya elimu bila ada ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Toa hapo nauli ya mjini, bando, na cha kijana, kila ukihitaji chaki na rim za karatasi.

Mafundi nao. Fundi wa kijijini aliyejenga nusu ya hayo madarasa hana TIN, namba ya mlipakodi, wala hajasajiliwa kwenye mfumo, kazi inachukuliwa na mtu wa mbali, na hakuna aliyekwenda kumsajili.

Ninachotaka mimi ni kimoja. Kila kata iwe na mtu wa manunuzi, ameajiriwa, ana laptop na bando la halmashauri, anahudumia shule zote za kata na zahanati pia. Mwalimu mkuu na kamati ya shule waseme wanataka nini na wakague kilicholetwa, basi, kazi ya katikati afanye aliyesomea. Maafisa elimu kata waliwahi kupewa pikipiki ili wafike shuleni, kwahiyo tusiambiwe kata haifikiki. Semina ya kukaa ukumbini kuangalia projekta halafu watu wakaaga, hiyo haimfundishi mtu mfumo ambao hajawahi kuugusa kwa vidole vyake.

Na mpaka huyo mtu apatikane, maafisa manunuzi wa halmashauri wapange siku za kuzunguka kwenye kata, wawakute walimu hukohuko baada ya vipindi. Madiwani wanaopitisha bajeti za halmashauri mnawajua na namba zao mnazo, waulizeni hiyo nafasi ya kata imewekwa fungu gani.