Tumpe jibu, au tumwachie swali lake?

Mwanafunzi anakuja na daftari. Swali la 4 la kazi ya nyumbani halijajibiwa na kesho mwalimu anakusanya. Anachotaka ni jibu. Hapo ndipo wanaomsaidia wanapogawanyika: wengine humpa jibu pamoja na hatua zake, wakiamini atajifunza kwa kufuatisha, wengine hawampi chochote, ahangaike mpaka apate mwenyewe.

Wa kundi la kwanza hawatetei uvivu. Mwaka 1985 John Sweller na Graham Cooper walichapisha utafiti kuhusu aljebra. Wanafunzi waliosoma mifano iliyokwisha kukokotolewa walitumia muda mfupi kuliko waliohangaika na kila swali, na baadaye walifanya maswali yanayofanana na hayo kwa haraka zaidi na kwa makosa machache. Anayeanza hana pa kushika. Akili yake yote huishia kutafuta njia, na kanuni yenyewe humpita. Kumwambia mtoto wa namna hiyo "fikiri zaidi" ni kumwacha gizani.

Kundi la pili nalo lina hoja nzito. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivirudia kuvisoma, wengine waliandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojilazimisha kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Jibu tunalompa mtoto usiku huonekana limeeleweka, na yeye mwenyewe huamini hivyo. Mtihani hauji usiku huo.

Kwangu mimi, tatizo la mjadala huu ni kuzungumzia kazi ya nyumbani kana kwamba masomo yote ni somo moja.

Chukua 1/2 + 1/3. Mtoto anajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, anapata 2/5. Ukimwandikia 5/6 umesahihisha daftari tu. Muulize: 2/5 na nusu, ipi kubwa? Akigundua kwamba alianza na nusu, akaongeza, kisha akabaki na kitu kidogo kuliko nusu, kosa amelikamata yeye mwenyewe. Swali hilo moja lina msaada kuliko ukurasa wa maelezo. Asipoweza kulinganisha sehemu hizo mbili, basi kweli hana pa kushika: mfanyie mfano mwingine mzima, kama 1/4 + 1/5, hatua kwa hatua, halafu mrudishie la kwake.

Kwenye kemia kukaa kimya kunaweza kudhuru. Mwanafunzi anayesawazisha mlinganyo wa haidrojeni na oksijeni kutengeneza maji huona oksijeni imepungua upande wa kulia, basi anageuza H₂O kuwa H₂O₂. Atomu zinalingana na yeye anafurahi, lakini hayo si maji tena, ni haidrojeni peroksaidi. Hakuna kuhangaika kutakakomfunulia hilo, kwa kuwa hesabu yake imekubali. Lazima aambiwe waziwazi kwamba fomula haiguswi, namba huwekwa mbele yake: 2H₂ + O₂ → 2H₂O.

Insha ni kinyume kabisa. Katika hesabu naweza kumwonyesha mfano unaofanana nikamwachia swali lake. Katika insha sentensi ndiyo kazi yenyewe. Nikimtungia aya ya kwanza, nimeandika mimi. Hapo namuuliza alitaka kusema nini, namsikiliza akilieleza kwa mdomo, kisha namwambia aandike hayohayo. Maswali ya historia yanayouliza sababu nayapeleka upande huo huo. Tarehe mpe, haina hasara.

Yupo mtu mwingine tunayemsahau, naye ni mwalimu. Daftari lililojaa majibu sahihi ya mzazi humficha kile ambacho darasa halijaelewa, naye atasonga mbele na mada. Ndiyo maana, usiku ukiwa mkubwa na mtoto amechoka, naona heri swali la 4 libaki na hatua mbili na maneno "nimekwama hapa". Ila hilo linawezekana tu pale ambapo kazi isiyokamilika haimletei mtoto adhabu. Inapomletea, simlaumu mzazi anayechukua kalamu.