Nusu Kipara

Naandika hapa nikiwa na kichwa nusu. Upande wa kulia para linang'aa kama sufuria mpya, upande wa kushoto msitu. Ukinitazama kulia mi ni mstaafu wa halmashauri, ukinitazama kushoto ni mtu anayetafutwa na polisi. Chanzo ni umeme, na kidogo mdomo wangu, ila tuanze na umeme.

Umeme wetu si mnaujua. Gesi inatoka hapo Mnazi Bay, inalazwa kwenye bomba, inasafirishwa kama kilomita 500 mpaka Dar, huko wenzetu wanapiga pasi usiku kucha, na sisi tunaoishi nayo mtaa mmoja tunanyolewa kwa kupapasa. 2013 tuliongea kuhusu bomba hilo mpaka mabomu ya machozi tukala, leo... basi, hayo niyaache, presha yangu siijui iko ngapi.

Kinyozi wangu yuko Magomeni hii hii ya Mtwara, fundi hasa, tatizo kaokoka. Mwaka jana tu msimu wa mabibo tulikuwa tunakunywa uraka kwenye dumu moja, sasa hivi nikikaa kwenye kiti ananiuliza nikifa leo naenda wapi, huku kashika wembe. Mi siku zote najibu "sijui kaka, we nyoa", maana siamini, nimeshasema na ukoo mzima unajua, ila mtu mwenye wembe huwa nampa heshima yake.

Sasa jana mashine imefika katikati ya utosi, trrrrr, kimya. Feni kimya, redio kimya. Kinyozi akasema, "Haleluya."

Nikamuuliza kwa adabu zote, haleluya ya nini. Akasema tushukuru kwa kila jambo, Mungu ana makusudi yake, pengine ningetoka sasa hivi ningegongwa na bodaboda. Nikamwambia na yule jamaa aliyenyolewa kabla yangu akamalizwa kichwa chote akaondoka, yeye ndo agongwe? Kimya. Akachukua taulo akaanza kufuta kioo ambacho hakina vumbi.

Hapo ningenyamaza mambo yangeishia hapo. Lakini mtu ana nusu kichwa, anafanya nini kingine? Nikamwambia hesabu zenu hazinyooki. Mvua ikija vizuri, asante Mungu. Mvua ikisomba shamba, dhambi zetu. Mtoto akipona ni Mungu, asipopona ni imani yetu haba, au kapendwa zaidi. Ni kama viongozi wa chama cha msingi, korosho ikipanda bei wanasema uongozi bora, ikishuka eti soko la dunia. Wale angalau mkutano mkuu upo unapiga kelele unakaa chini, kule juu mkutano mkuu hamna, ni kupiga makofi tu.

Mama anayeuza ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha, pale mlangoni akadakia, "We baba, Nnungu anakuona!" Nikamjibu kama ananiona si awashe umeme. Kijana mmoja wa kwenye benchi akauliza taratibu kama mi ni Freemason. Jamani. Hili swali limenichosha. Freemason gani anadaiwa ming'oko ya mia tano na mama huyu huyu toka Jumatatu?

Kinyozi akavuta stuli akakaa, akafungua droo ya vitana akatoa Biblia. Nikajua sitoki. Akaniambia nitaje kitu kimoja, kimoja tu, alichofanya Yesu ambacho siyo cha haki. Kumbe kasahau mi nilikuwa namtumikia padri mpaka darasa la saba. Nikamwambia fungua Marko 11.

Yesu ana njaa, kaona mtini kwa mbali una majani, kaufuata, hamna kitu. Na Marko mwenyewe hakuficha, kaandika kabisa kwamba haukuwa msimu wa tini. Mti ukalaaniwa, kesho yake watu wanapita umekauka toka mizizini. Nikamwambia sasa kaka, wewe una mikorosho kule Naliendele. Mwezi wa tatu anakuja mgeni, ana njaa, anaangalia juu anaona majani, anakasirika, analaani, asubuhi mkorosho wako mkavu. Mwezi wa tatu! Utamfanya nini?

"Nampeleka kwa mtendaji," akasema, haraka kabisa, mkulima ndo kajibu kabla ya mlokole hajaamka. Benchi zima wakacheka. Akajikohoza. Akasema ah, ila ule mtini ulikuwa mfano wa unafiki, ulijifanya una matunda kwa kuonyesha majani. Nikamwambia unafiki wa mti? Mti unafanya unafiki umdanganye nani, nyuki? Na mwenye mti je, kuna mahali kafidiwa? Maana na wale nguruwe kama 2,000 wa sura ya 5 waliojitupa ziwani, mfugaji wao... hapo mzee mmoja mwenye baraghashia akaanza kucheka peke yake kwa sababu zake mwenyewe, nguruwe nikawaacha.

Kinyozi naye siyo mjinga, nimpe haki yake. Akaniambia, "Mbona wewe mafuta yalipokuishia kule njia ya Msimbati uliipiga pikipiki teke? Pikipiki ilikuwa na kosa gani?"

Nikamwambia kweli niliipiga, na kidole kikavimba wiki nzima. Lakini mi sijawahi kumwambia mtu kwamba ndo naendesha ulimwengu.

Mama ming'oko hapo akasimama kabisa. Yeye kwao Masasi, akasema babu wa babu yake aliletwa na misheni mwaka 1876 pamoja na watumwa waliokombolewa, kwa hiyo nisimchezee. Nikamwambia mama shikamoo, waliomkomboa babu yako nawavulia kofia (sina kofia, nina nusu nywele, nazivua hizo). Ila mpe kinyozi asome Kutoka 21 aya ya 20 na 21. Akasoma mwenyewe kwa sauti. Bwana akimpiga mtumwa wake kwa fimbo akafa pale pale, ataadhibiwa. Akikaa siku moja au mbili, haadhibiwi, kwa kuwa ni mali yake.

Hakuna aliyecheka. Na mimi utani ukaniisha, sijui kwa nini, Mikindani hapo si mbali, watu walifungwa minyororo wakapakiwa majahazini, na kitabu kilichokuwa na nafasi ya kukataza kula pweza kilishindwa kuweka mstari mmoja tu usimmiliki mtu. Mmoja! Pweza amekatazwa, hana magamba. Mtu kawekewa masharti ya kipigo.

Mama akakaa. Akanifungia ming'oko mingine, na hiyo akasema nisilipe. Hilo ndo liliniuma zaidi, bora angenitukana.

Saa nzima ikapita umeme haujarudi, mashine ya kuchaji betri imekufa toka Pasaka, mkasi hana. Nikatoka hivyo hivyo. Sikufika mbali, wanafunzi ndo wanatoka shule. "Nusu kipara! Nusu kipara!" Ndo nikamkumbuka nabii Elisha. 2 Wafalme 2, watoto walimcheka upara, akawalaani kwa jina la Bwana, wakatoka mwituni dubu wawili majike wakawararua watoto 42. Arobaini na wawili, mtu kahesabu! Mi wangu walikuwa kama thelathini, wamenisindikiza mpaka kwa muuza chipsi wakiimba kwa vina, na sikuita hata paka. Nilimtambua mmoja mtoto wa jirani nikamwambia nitamwambia mama yako. Basi. Yaani kwenye somo la kutorarua watoto nimempita nabii, na cheti sipewi.

Nikarudi saluni mbio. Mzee wa baraghashia akanihurumia akanivalisha ya kwake. Toka pale mpaka nyumbani nimesalimiwa asalaam aleikum mara saba, mara ya nane nikaanza kuitikia vizuri tu, na wawili wakanipa mkono wa hongera. Hongera ya nini, sikuuliza.

Saa kumi na mbili jioni mama yangu mzazi kanipigia toka Masasi. Habari zimefika kabla ya basi la mchana.

"Baba, nimesikia umesilimu."

"Hapana mama, ni kofia tu, umeme ulikatika."

"Aah." Akanyamaza muda mrefu, salio langu nasikia linamshukuru kwamba kapiga yeye. "Mi nilishaanza kufurahi. Nikasema angalau Ijumaa atakuwa na pa kwenda."

Kisha akaomba hela ya salfa, mikorosho imeanza kuingia ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu.

Umeme umerudi saa tatu usiku. Nimemkimbilia kinyozi kumbe kafunga, yuko mkesha. Na hii kofia ya watu inanibana masikio.