Ile sindano ya miezi 18 tunaiachia nani?

Jumamosi nilikuwa Kondele kusukwa, na mama mmoja kwa saluni alikuwa amebeba mtoto wa miaka miwili hivi, stori zikaingia za kliniki nikamuuliza kama mtoto alipata chanjo ya pili ya surua, ile ya miezi 18. Akacheka. "Si alimaliza na ile ya miezi tisa?" Na huyu si mzembe, kijitabu amekivalisha plastiki. Mimi wale wanaokataa chanjo hawanisumbui sana, ni wachache tu wana kelele, kinachonitia wasiwasi ni sisi tunaodhani tumemaliza.

Mtoto anazaliwa na kinga ya mamake, na kwa wengine ikifika miezi tisa bado iko, inapigana na chanjo kabla ifanye kazi. Kati ya watoto 100 wanaodungwa miezi tisa ni kama 85 tu wanapata kinga, hao wengine ndio wanangoja ya pili. Marekani wanangoja mpaka mwaka mmoja, lakini huku surua ilikuwa inawapata watoto mapema, hatungeweza kungoja. Ya pili Kenya ilianza 2013 juzi tu, ndio maana mama zetu wakisema ya tisa ni ya mwisho hawadanganyi, enzi zao ilikuwa hivyo.

Dani yangu (nyanya, kwa Kijaluo) aliiita surua ang'iew, na alikuwa anasema huwezi kuhesabu watoto wako kabla ipite kwa boma. Nilidhani ni maneno ya wazee mpaka nikasoma kwamba kabla chanjo ya kwanza itoke 1963 surua ilikuwa inaua kama watu milioni 2.6 kila mwaka duniani. Mgonjwa akitoka kwa chumba, virusi vinaweza kubaki hewani hata masaa mawili, sasa fikiria matatu zetu na madirisha yamefungwa sababu ya mvua.

Lakini pia tusiwalaumu kina mama peke yao. Wangu nilimpeleka mara mbili nikarudishwa, eti watoto hawajafika wa kutosha. Nilikasirika (fare ya boda ni yangu) halafu sista mmoja akanielezea polepole, chupa moja ni ya watoto kumi, ikishachanganywa lazima imwagwe baada ya masaa sita, kwa hivyo hawafungui kwa mtoto mmoja. Sawa, lakini si watuambie mapema siku gani wanafungua? Mama ana kibanda sokoni hatarudi mara ya tatu.

Yule wa saluni amesema anaenda Jumatatu. Nimemwambia apige simu kwanza.