Mwenyekiti Amekula Mbegu

Kwanza mjue kwamba Mwenyekiti ni jogoo. Nalisema hili mapema kwa sababu siku ile hakuna aliyelisema mapema, na ndiyo maana mtu mzima na familia yake nusura wahame kijiji.

Jogoo ni wa mama mkwe wangu, huko Rungwe, kijiji kimoja nje ya Tukuyu ambako mlima unauona pale tu mvua na ukungu vikiamua kukuonea huruma. Ni kishingo. Kuanzia kichwani mpaka kifuani hana unyoya, nyekundu tupu, kama mtu aliyenyolewa kwa chupa. Mama alimpa jina la Mwenyekiti kwa sababu anatembea kifua mbele, anawika saa nne usiku kuitisha mikutano isiyo na ajenda, na punje ikidondoka popote lazima aikague yeye kwanza. Mwenyekiti wa kijiji, yule wa kupigiwa kura, hakuwa na taarifa kwamba ana wajina bandani.

Mwaka jana mwezi wa nane, kikundi cha akina mama ambacho mke wangu ni katibu wake kiliandaa siku ya vyakula na mbegu za asili kwenye uwanja wa mpira. Nane Nane ya kanda ipo Mbeya, Viwanja vya John Mwakangale, na huko kuna matrekta, mabanda ya benki na vumbi la kutosha. Hawa walitaka kitu chao wenyewe. Kila mtu aje na anachopika, anachovuna na mbegu aliyorithi. Watu waonje, wabadilishane, warudi nyumbani. Plastiki marufuku uwanjani. Mifuko serikali ilishaipiga marufuku tangu Juni 2019, lakini akina mama wakaongeza na vikombe, mirija na kamba za manila. Hiyo ya kamba ikumbukeni.

Mimi nauza vifaa vya umeme Mbeya mjini na nimezaliwa Mbozi, kwenye kahawa. Kuhusu maharage, ninachojua ni kuyala. Lakini kwenye kikao cha maandalizi meza ya mifugo ilipokosa mtu nilisikia mkono wangu unanyooka juu. Nilitaka mama mkwe anione. Alinionea kweli, maana alisema, "Haya baba, mchukue Mwenyekiti. Arudi kama alivyoondoka."

Asubuhi ya siku yenyewe nikamtia kwenye tenga, nikafunga mfuniko kwa kamba ya mgomba. Dukani kwangu kila kitu kinafungwa kwa zile nyuzi za plastiki za kukaza nyaya. Ukivuta mara moja umemaliza, haifunguki mpaka ukate. Kamba ya mgomba inataka uwe umelelewa nayo. Nilipiga fundo, nikaliangalia, nikaona limekaa kama fundo. Nikaridhika.

Uwanja ulikuwa umependeza jamani. Ndizi zilizopikwa na maharage, magimbi, kande, ugali wa ulezi, mnafu uliowekewa karanga, maparachichi yaliyopangwa kama matofali. Mchele wa Kyela ulikuwa unanukia mpaka golini. Kona ya nyuma kulikuwa na kimpumu, pombe ya kienyeji, ambacho kwenye ratiba kiliandikwa "kinywaji cha nafaka". Na katikati ya utajiri wote huo, meza kuu ya mgeni rasmi ilikuwa na soda na maji ya chupa. Mke wangu alipouliza sheria ya plastiki imeishia wapi, akajibiwa kwamba mheshimiwa tumbo lake ni la mjini.

Meza ya mbegu ndiyo ilikuwa jirani yangu. Kulikuwa na maharage ya kablanketi debe zima, kulikuwa na Uyole Njano, yale maharage yaliyotoka kituo cha utafiti pale Uyole, njia panda ya kuja Tukuyu. Kulikuwa na mahindi ya rangi ambayo sijawahi kuyaona sokoni, mengine meusi kama lami. Na mwisho wa meza alikaa Bibi, dada mkubwa wa mama mkwe. Yaani naye ni mama mkwe, tena wa ngazi ya juu. Mbele yake alikuwa na kisosi kimoja cha udongo chenye maharage kumi na moja.

Kumi na moja. Ni ya kutambaa, makubwa, nusu meupe nusu mekundu ya kukolea, na pale rangi zinapokutana kuna doa kama jicho linalokutazama. Yana jina la Kinyakyusa ambalo nikilitamka ukweni wanacheka, kwa hiyo siliandiki. Bibi alirithi kwa mama yake. Miaka yote anayachanganya na majivu, anayatia kwenye kibuyu, kibuyu anakitundika darini juu ya moshi wa jiko. Msimu uliopita alilazwa hospitali, mjukuu akaona kibuyu kinachafua dari, akayahamishia kwenye ndoo nzuri yenye mfuniko. Bila majivu, bila moshi. Bungua wakala mpaka wakachoka. Yakabaki kumi na moja.

"Nimeyaleta yaonekane," alisema. "Kubadilishana mpaka yaongezeke. Novemba mvua ikianza nayapanda, mwakani mtu akichukua kisosi kimoja, akivuna ananirudishia viwili."

"Sawa, Bibi," nikasema.

Sasa hapa kuna kajambo kadogo nitakarudia baadaye. Tuendelee.

Kama saa tano hivi nilikwenda kuonja kande. Niliporudi, tenga lilikuwa limelala ubavu, kamba ya mgomba ipo chini imejinyoosha kama haijawahi kukunjwa maishani mwake, na Mwenyekiti amesimama juu ya meza ya mbegu. Kablanketi debe zima hakuligusa. Mahindi hakuyagusa. Alikuwa amesimama kwenye kisosi, na kisosi kilikuwa cheupe. Akanitazama, akameza, akajifuta mdomo kulia na kushoto kwenye kitambaa cha meza.

Bibi alikuwa amegeuka kumwamkia mtu. Aliporudi hakupiga kelele. Aliangalia kisosi, akamwangalia jogoo, akaniangalia mimi. Ningeona afadhali apige kelele.

Mtoto mmoja akachomoka mbio kupeleka habari. Badala ya kwenda kwa mke wangu alikwenda kwa mshereheshaji, kijana wa kukodi kutoka Tukuyu mjini, aliyekuja na spika mbili na hamjui mtu wala kuku. Nikasikia ile sauti nzito inatandaa uwanja mzima:

"Tangazo, tangazo! Ndugu wananchi, taarifa iliyotufikia mezani ni kwamba mwenyekiti amekula mbegu. Narudia. Mwenyekiti amekula mbegu zote za bibi yetu. Anaombwa azirudishe."

Uwanja ukatulia. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesimama pale meza kuu na karatasi ya risala, suti ya kahawia, anamsubiri mgeni rasmi. Karatasi ikaanza kutetemeka.

Mzee mmoja upande wa kimpumu akapiga kofi. "Si nilisema!"

"Muulizeni na mabati ya zahanati!" akadakia mwingine.

Na hapa, ndugu zangu, kama mwenyekiti angenyamaza dakika moja tu mambo yangejieleza. Lakini alinyakua kipaza sauti. "Jamani, mbegu sizijui! Mimi hapa nimekunywa chai tu! Na mabati yapo! Yapo yote, nimeyahifadhi nyumbani kwangu kwa usalama!"

Kumbe kijiji kizima kilikuwa kinaambiwa mabati hayajaletwa.

Ilichukua muda kumfikishia mshereheshaji kwamba anayezungumzwa ni jogoo. Akatoa marekebisho: "Samahani, mwenyekiti aliyekula ni kuku." Hayo marekebisho hayakumsaidia mwenyekiti, maana watu walikuwa wameshahamia kwenye mabati.

Kwetu kwenye meza ya mbegu kikao kilikuwa kingine. Mwenyekiti, kwa kuwa ni kishingo, hakuweza kuficha ushahidi. Gole lilikuwa limetuna kwenye ile ngozi tupu utadhani amemeza balbu, ukibonyeza unasikia maharage yanagongana. Afisa ugani akaitwa. Akatueleza kwamba punje zikimezwa zinakaa kwanza kwenye gole, zinalowa, halafu zinashuka kidogo kidogo mpaka firigisi. "Zikiwa kwenye gole bado ni mbegu," alisema. "Firigisini kuna changarawe. Zikifika huko ni unga."

"Tuna muda gani?" nikauliza.

"Amekunywa maji?"

Nilikuwa nimempa kopo zima, nionekane najali mifugo.

Ushauri ukamiminika. Mmoja akasema tumshike miguu juu kichwa chini tumtikise, nikaanza, afisa ugani akanizuia kwamba nitampaliza. Mwingine akasema tumkande kwa maji ya uvuguvugu. Kijana mmoja akasema tusubiri zitoke zenyewe huko nyuma, akaambiwa akae chini. Mama mkwe akatokea kutoka kwenye masufuria, mwiko mkononi. Akasikiliza pande zote bila kuniangalia.

"Kuku ni wangu," alisema mwisho. "Mbegu ni za dada yangu, na kabla yake za mama yetu. Leteni kisu."

Akatafutwa kijana Mwislamu ili nyama iwe ya wote. Mshereheshaji sasa alikuwa amejifunza kuwa makini, anataka kila taarifa iwe rasmi, kwa hiyo akatangaza kwa sauti ileile: "Ndugu wananchi, imeamuliwa kwamba mwenyekiti achinjwe."

Muda huohuo gari la mgeni rasmi lilikuwa linaingia getini. Lilisimama. Dereva hakuzima injini. Nasikia ilibidi mke wangu aende dirishani kueleza, na kwamba kioo kilishushwa kiasi cha vidole viwili tu.

Gole likapasuliwa juu ya ungo. Bibi akahesabu mwenyewe, moja moja, anaipangusa kwa kanga. Yalikuwa mazima, yamevimba kidogo tu. Watu wakapiga vigelegele. Saba. Nane. Tisa.

Kisha kimya.

"Yalikuwa kumi na moja," akasema Bibi.

Afisa ugani akakohoa. "Basi mawili yatakuwa yameshashuka."

Firigisi ikatolewa, ikapasuliwa, ikakaguliwa kwa kijiti cha meno mbele ya mashahidi. Changarawe, punje ya mahindi iliyosagika, kipande cha kioo. Maharage hakuna. Wakati wa chakula mgeni rasmi, ambaye kwa mila yetu firigisi ni haki yake, alichungulia sahani yake mara mbili, akauliza kwa upole firigisi iko wapi. Afisa ugani akamjibu, "Iko kwenye uchunguzi, mheshimiwa."

Ikahitimishwa kwamba Mwenyekiti aliyasaga mawili. Bibi akayapokea yale tisa, akayaanika kwenye majivu, akasema basi, Mungu ni mwema. Mabati ya zahanati yaliezekwa wiki ileile.

Sasa kile kajambo. Asubuhi ile, Bibi alipokuwa anasalimiana na wageni wa kwanza, mimi nilichukua mawili. Nilitaka kumwonyesha fundi mmoja dukani, halafu nikasema labda nitayapanda, halafu nikasema nitamwambia Bibi baadaye. Wakati firigisi inapekuliwa kwa kijiti, yalikuwa kwenye mfuko wa shati langu, upande wa kushoto, na nilikuwa nayasikia kwa moyo. Kusema nikashindwa. Kuku alikuwa ameshachinjwa. Ingekuwa nimemchinja mara ya pili.

Novemba nikayapanda nyuma ya nyumba, Mbeya, nikayasimikia miti. Yakaota yote mawili. Mwezi wa pili mama mkwe akaja kututembelea bila taarifa, akapita uani kunawa mikono. Akakaa muda mrefu. Nilipomfuata nilimkuta amepasua ganda moja, maharage yamelala kiganjani, yale macho yanamtazama.

"Baba," akasema, "hii mbegu umeitoa wapi?"

"Shikamoo, mama."

"Nimeshaitikia asubuhi. Umeitoa wapi?"

Nikatazama chini. "Ni ya marehemu Mwenyekiti."

Mama akavuta kiti, akakaa, akaanza kuchuma maganda yaliyokauka akiyatia kwenye kanga. Aliponyanyuka alikuwa amehesabu. "Kumi na nane," alisema. "Manne ya dada yangu, mawili mara mbili. Kumi na manne yanayobaki ni bei ya jogoo."