Tembe 1,825 na nauli ya Alhamisi

Ndani ya kibanda cha shangazi yangu pale Port Victoria, anapouza omena kwa gorogoro, kuna kalenda aliyopewa na duka la pembejeo. Kila asubuhi akishameza tembe yake nyeupe hupiga tiki kwenye tarehe ya siku hiyo. Juni imejaa tiki. Julai imejaa. Agosti ina siku tisa tupu zilizofuatana. Nilipomuuliza, alinijibu huku akifukuza nzi: dawa iliisha Jumamosi, kliniki ilikuwa Alhamisi, na wiki hiyo ziwa halikutoa kitu. Alipofika hospitali wiki iliyofuata, faili lake lilikuwa tayari limeandikwa kwa wino mwekundu kwamba ametoroka kliniki.

Neno hilo ndilo lililonichokoza. Mahabusu hutoroka. Mwanafunzi wa bweni hutoroka. Mama wa miaka 58 aliyeondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, akarudi mara kumi na mbili kwa matatu mbili na bodaboda moja, akakosa ya kumi na tatu, huyo ametoroka nini?

Suala lenyewe si la shangazi peke yake. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa saratani ya matiti Kenya kuwa karibu 6,800, na wengi wanaofika kwenye kisu wanabaki na swali lisilozungumzwa Oktoba, mwezi wa fulana za waridi na matembezi ya asubuhi mjini. (Novemba fulana hizo hugeuka za kulalia.) Swali ni hili: baada ya upasuaji, mgonjwa afuatiliwe wapi katika miaka inayofuata? Abaki chini ya daktari bingwa katika hospitali kuu, Kisumu, Eldoret au Nakuru, au kliniki yake ishushwe hadi hospitali ya kaunti ndogo iliyo karibu na kwake?

Wanaotaka ibaki juu wana hoja, na sitaki kuzipuuza. Saratani hii hurudi kwa hila. Hurudi kama maumivu ya mgongo, kama kikohozi kisichosikia dawa, kama kipele kigumu kando ya kovu. Tabibu anayeona wagonjwa themanini kwa siku, wengi wao wa malaria na vichomi, ataandika diclofenac ya kutuliza maumivu ya mgongo leo, aandike tena mwezi ujao, na wakati huo ugonjwa unakula mfupa. Daktari wa saratani akisikia mgongo wa mwanamke mwenye historia hiyo hushtuka papo hapo. Halafu kuna miezi ya kwanza, ambayo haina mjadala. Mpira wa kutoa maji kwenye kidonda lazima uondolewe kwa wakati. Ripoti ya maabara inayoonyesha kama uvimbe unalishwa na homoni, au kama una protini ya HER2, lazima isomwe na mtu anayejua maana yake. Kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, ikihitajika baada ya upasuaji, kuichelewesha kupita miezi mitatu kumehusishwa na vifo zaidi. Mionzi nayo ni mashine, na mashine haipandi bodaboda. Nakuru ina yake katika hospitali ya rufaa ya kaunti, Eldoret ina yake katika hospitali ya Moi, na mgonjwa hana budi kuifuata ilipo, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majuma kadhaa.

Kwa hiyo anayesema kila kitu kishushwe kijijini hajawahi kuona kidonda cha titi kilichooza. Hapo tuko pamoja.

Tunapoachana ni pale miezi hiyo inapokwisha. Kemo imekamilika, mionzi imekamilika, kovu limepona, na mgonjwa yuko kama shangazi: anauza omena, anachapa wajukuu, anaimba kanisani. Anachobaki nacho ni tembe moja ya tamoxifen ya miligramu 20 kila siku kwa angalau miaka mitano, na mtu wa kumkagua mara kwa mara. Tembe 1,825. Wapo wanaoshauriwa kuimeza hadi miaka kumi.

Niruhusu nikae kidogo kwenye tembe hii, kwa sababu hapo ndipo naona tunapotea. Kwa mwanamke ambaye saratani yake inalishwa na homoni ya estrojeni, uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2011, uliojumlisha majaribio 20 na wanawake zaidi ya 21,000, ulionyesha kwamba miaka mitano ya tamoxifen hupunguza vifo vya saratani ya matiti kwa takriban theluthi moja katika miaka 15. Theluthi moja! Na hii si dawa ya ajabu kutoka maabara ya jana. Ni kidonge cha zamani, kisichohitaji friji, kilicho kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Faida yake ina sharti moja tu, nalo ni kumezwa. Siku tisa za Agosti peke yake hazitamuua shangazi. Lakini nimeona jinsi Agosti inavyozaa Agosti nyingine: ukishakemewa dirishani kwa kukosa kliniki moja, safari inayofuata inakuwa nzito mara mbili, ya nauli na ya aibu.

Sasa tupige hesabu. Mwongozo unaotumiwa na madaktari wengi duniani unasema mgonjwa asiye na dalili aonwe kila miezi 3 hadi 6 katika miaka mitatu ya kwanza, kila miezi 6 hadi 12 katika mwaka wa nne na wa tano, kisha mara moja kwa mwaka. Chukua idadi ya juu kabisa: 12 na 4, jumla safari 16. Shangazi hupewa dawa ya mwezi mmoja mmoja, na kwa mpango huo miaka mitano ni safari 60. Toa 16 kutoka 60, zinabaki 44. Safari 44 za kwenda kupokea tembe 30 kupitia dirisha dogo, bila mkono wa daktari kugusa kovu wala kwapa. Nauli yake kwenda na kurudi, akihesabu bodaboda, ni shilingi 1,200. Safari hizo 44 ni shilingi 52,800, na hapo hajanywa hata chai.

Bima haigusi hesabu hiyo. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, ilipoanza Oktoba 2024 iliweka kikomo cha matibabu ya saratani kuwa shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na 150,000 zaidi kutoka hazina ya magonjwa sugu na ya dharura. Ni pesa, hakuna anayebisha, ingawa kwa kemo ya muda mrefu huisha upesi. Ila hakuna shilingi moja humo ya kumlipa kondakta. Na kwetu Bunyala, Mto Nzoia ukivunja kingo, hata aliye na nauli hukaa nyumbani akitazama maji.

Je, kumkagua mgonjwa karibu na kwake ni kumpunguzia uhai? Hili limepimwa, tena si jana. Mwaka 1994 majaribio mawili makubwa ya Italia yaliwagawa wanawake waliotibiwa: kundi moja lilipigwa picha za mifupa na kifua kila mara, jingine likakaguliwa kwa mkono na mamogramu, picha ya eksirei ya titi, basi. Waliokufa hawakutofautiana. Vipimo vingi vilileta gharama, havikuongeza maisha. Kisha mwaka 2006 jaribio la Kanada lenye wanawake 968 likalinganisha kliniki ya bingwa na ya daktari wa kawaida wa familia. Madhara makubwa ya ugonjwa kurudi hayakuwa zaidi kwa waliorudishwa kwa daktari wa kawaida. Na palikuwa na karatasi: daktari wa familia alipewa maelekezo ya ukurasa mmoja kuhusu nini cha kutazama na lini kumrudisha mgonjwa.

Najua jibu litakalokuja: Kanada si Budalang'i. Kweli. Yule daktari wa Kanada akishuku jambo huinua simu, na mgonjwa hupigwa picha wiki hiyo. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote upande wa pili, na nimeigeuza mara nyingi kichwani. Ina pacha wake, ambaye naye ananisumbua: rafu tupu. Ukimwambia shangazi achukue tamoxifen hospitali ya karibu, halafu muuguzi akamwambia haipo, akanunue duka la dawa, umemhamishia tatizo kutoka kwa nauli hadi kwa dawa. Kliniki isiyo na tembe ni benchi na mhuri.

Lakini kanda hii ina ushahidi wake wa nyumbani. Mwaka 2001, mpango wa AMPATH ulipoanzia Eldoret, dawa za HIV zilikuwa mambo ya madaktari wachache wa hospitali kuu. Walikuwapo waliosema, kwa sauti ileile ninayoisikia leo, kwamba dawa hizi ni ngumu mno kwa zahanati. Leo dawa hizo hutolewa kwenye vituo vidogo, na maafisa wa kliniki na wauguzi, na aliye imara hubeba za miezi kadhaa kwa pamoja. Ni kweli nyuma yake palikuwa na fedha nyingi za wafadhili, na saratani haina mjomba wa namna hiyo. Ila saratani nayo haihitaji mamilioni ya wagonjwa kuhudumiwa. Hospitali ya kaunti ndogo inayofuatilia wanawake kumi walioondolewa titi inahitaji tembe 300 kwa mwezi. Zinaenea kwenye boksi la viatu.

Kuna jambo jingine ambalo hospitali kuu, kwa ubingwa wake wote, huliona vibaya kwa sababu iko mbali. Mkono. Mwanamke aliyetolewa tezi za kwapa yuko katika hatari ya mkono wa upande huo kuvimba, na takriban mmoja kati ya watano huvimba. Huanza kwa pete kukaza, kisha bangili, kisha mkono mzima unakuwa mzito kama si wake. Wa shangazi ulianza mwaka jana. Aliambiwa, kwa nia njema, asibebe kitu kizito. Alicheka aliponisimulia. Mtungi wa maji wa lita 20 una kilo 20, na anachota miwili kila asubuhi. Aliyempa ushauri huo hajui maji ya pale yanafikaje ndani ya sufuria.

Tena ushauri wenyewe umepitwa na wakati. Jaribio la Marekani la mwaka 2009 lilichukua wanawake wenye mikono iliyovimba, likawaanzisha kunyanyua uzito mdogomdogo chini ya usimamizi, wakiongeza polepole. Uvimbe haukuzidi, na milipuko ya uvimbe ilipungua. Mkono unataka kuzoezwa hatua kwa hatua: kupandisha vidole ukutani kidogo kidogo hadi bega lifunguke, kuanza na mtungi wa lita tano, kutunza ngozi isichubuke. Anayeweza kufundisha hayo ni muuguzi aliye karibu, au mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumbani. Serikali ilizindua zaidi ya 100,000 wa hao Septemba 2023 na kuwapa mikoba. Mhudumu wa kijiji cha shangazi anajua presha yake na choo chake. Hajawahi kuambiwa chochote kuhusu mkono wake.

Kwa hiyo nisingeuliza tena kama kliniki ikae juu au chini. Ningegawa: tiba yote ya mwanzo, pamoja na uamuzi wowote wa kubadilisha dawa, ibaki kwa bingwa. Mamogramu ya mwaka ya titi lililobaki pia. Yale mengine yashuke, lakini yashuke na vitu vitatu mkononi: dawa ya miezi mitatu, barua ya ukurasa mmoja inayotaja dalili zinazomrudisha mgonjwa juu mara moja, ikiwemo kutokwa damu baada ya hedhi kukoma, ambayo tamoxifen inaweza kuwa chanzo chake, na namba ya simu inayopokelewa. Hicho kitu cha tatu ndicho nakihofia zaidi. Barua ni rahisi kuchapisha, na simu za hospitali tunazijua.

Hata bila kushusha chochote, hospitali kuu inaweza kuanza Jumatatu kwa kutoa tembe 90 badala ya 30. Safari 60 zinakuwa 20. Niliuliza kwa nini haifanyiki, nikaambiwa wagonjwa wakipewa dawa nyingi hawarudi. Ni lile neno la wino mwekundu tena, sasa limevaa koti jeupe.

Juzi nilipita kibandani. Shangazi ameshafika tembe ya 611, kwa hesabu yake. Kwenye kalenda amezungushia tarehe ya kliniki ijayo, Alhamisi, na pembeni yake ameandika kwa kalamu ya bluu: gorogoro 20. Kila gorogoro humpa faida ya shilingi 60 ziwa likiwa limemkumbuka. Siku hiyo alikuwa ameuza saba.