Tairi la pikapu linalodumu: ulizeni kwanza la zamani lilikufaje

Ingia duka la matairi useme una dabo kebini na unataka matairi yanayodumu. Aghalabu utaonyeshwa A/T, yaani tairi la njia zote: kashata (yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara) nene kiasi, maandishi meupe ubavuni, bei juu ya lile la kawaida la lami, H/T. Muuzaji atakwambia hela yako itarudi kwa kilomita. Wapo wanaoapa kuwa ni kweli. Wapo pia, hasa wenye pikapu zinazoshinda kati ya Dar na Morogoro, wanaosema A/T ni urembo unaokunywa mafuta. Kila upande una ushahidi wake, ila hawazungumzii kifo kimoja cha tairi.

Pita kwa fundi pancha uangalie rundo lililo nyuma ya banda lake. Utakuta tairi lililolika mabega yote mawili huku katikati kashata bado zipo: hilo lilitembezwa na upepo mdogo. Lililolika upande mmoja tu, alaimenti, yaani ulinganifu wa magurudumu, ilikuwa mbovu. Lenye nundu ubavuni liligonga shimo, nyuzi za ndani zikakatika. Lingine kashata zimenyofoka vipande vipande. Hiyo ni kazi ya changarawe kali na mwendo. Na kuna lile ambalo bado lina kashata nzuri lakini limejaa nyufa ndogondogo kwa jua na umri. Kati ya hayo, ni mangapi yangeokolewa na tairi la bei mbaya?

Tuwape haki watetezi wa A/T. Ukitoka Arusha, lami inakufikisha Karatu na kuendelea mpaka lango la Lodoare, Ngorongoro. Baada ya hapo ni changarawe na mawe yenye makali kuelekea Serengeti. Huko tairi halimalizwi na kulika. Linamalizwa na jiwe linalochana ubavu, na ubavu uliochanika hakuna fundi wa kuuziba ukaaminika tena. A/T nyingi, hasa zenye herufi LT (tairi la magari mepesi ya mizigo) mbele ya saizi, zina ubavu mzito zaidi na mpira uliotengenezwa kuvumilia kunyofoka. Mwenye kupita njia ya namna hiyo kila wiki, au zile za mawe ya volkano kaskazini mwa Marsabit, anapolipa zaidi analipia ubavu huo. Hajapunjwa.

Kwenye lami hesabu inageuka. Kashata ndefu hucheza chini ya mzigo, na kucheza huko huzaa joto, na joto ni adui wa mpira. Ndiyo maana tairi lenye kashata za kina cha milimita 12 linaweza kuisha mapema kuliko la milimita 9 kwenye barabara ileile. Ongeza uzito wa tairi, kelele inayopanda kadiri linavyolika, na breki kwenye lami yenye maji, maana mpira mgumu unaodumu mara nyingi hushika kidogo mvua ikinyesha. Hili la mwisho wauzaji hawalisemi, na mimi nalitilia uzito kuliko mafuta.

Halafu kuna namba. Wengine hununua kwa kusoma kipimo cha kulika cha Marekani kilichochapwa ubavuni: 400, 500, 600. Kipimo hicho hutolewa na kiwanda chenyewe kwa kulinganisha na tairi la majaribio lenye 100, na matairi ya LT hayalazimiki kuwa nacho kabisa. Kwa hiyo 600 ya kampuni moja haishindi lazima 500 ya nyingine. Dhamana nayo, tuseme ya maili 50,000, karibu kilomita 80,000, huja na masharti, na haikuandikwa kwa ajili ya njia za changarawe.

Tuseme hata hivyo kilomita 80,000 ni za kweli. Pikapu inayotembea kilomita 8,000 kwa mwaka itazimaliza kwa miaka 10. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi liangaliwe kwa makini au libadilishwe baada ya miaka 6, hata kama kashata zipo. Mtu huyu ananunua uhai ambao jua litautwaa kabla hajaumaliza. Kwake tarehe ya kutengenezwa ina maana kuliko chapa: tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyochapwa ubavuni, ambapo 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi jipya lililokaa stoo miaka minne, hata likipunguzwa bei, nisingelichukua.

Kwa hiyo msimamo wangu: kama sehemu kubwa ya safari zako ni lami na vumbi unalikuta ukienda shamba mwisho wa wiki, H/T nzuri au A/T nyepesi isiyo LT inakutosha, nawe peleka akiba kwenye alaimenti na kubadilishana nafasi za matairi kila kilomita 10,000 hivi. Kama matairi yako hufa kwa kuchanika, nunua LT bila kusikitikia bei. Lakini usiijaze upepo kwa kufuata kibandiko cha mlango wa gari kilichoandikwa kwa tairi la kawaida: LT huhitaji upepo zaidi kubeba mzigo uleule, na ukiiacha chini itapikika ubavuni.

Usifunge A/T mbili nyuma ukaacha H/T zilizolika mbele kwenye gari ambalo 4x4 yake huungwa pale tu unapoihitaji. Mzunguko ukitofautiana, mitambo ya katikati hukazana ukiiunga 4x4. Nunua matano, la spea likiwa saizi ileile, kwa sababu kule LT inakohitajika ndiko dukani utakuta 7.50R16 za Land Cruiser zimepangwa mpaka mlangoni na saizi yako ya rimu 17 haipo.