Nusu ya Skizofrenia Tusiyoiona

Mtoto wa mama yangu mdogo alipomaliza kidato cha sita na kurudi nyumbani Muheza kusubiri matokeo, jambo la kwanza lililobadilika kwake ni kwamba aliacha kuamkia watu. Alipita barazani mbele ya wazee bila shikamoo, akaingia ndani na kujifungia chumbani mpaka jua linazama, na akiulizwa jambo alijibu kwa neno moja huku uso wake hauonyeshi furaha wala hasira. Kila mmoja katika ukoo alikuwa na maelezo yake. Wajomba walisema ni kiburi cha elimu, majirani wakasema ni bangi, na mimi, niliyejiona mwerevu kuliko wote kwa kuwa naishi Dar es Salaam, nilisema ni mawazo ya kusubiri matokeo na kwamba yatakwisha yenyewe. Miezi minane ilipita kabla hajaanza kuzungumza peke yake usiku na kumshutumu mama yake kwamba anamtilia kitu katika chai. Hapo ndipo sote tulipotamka kwa mara ya kwanza kwamba mtoto anaumwa.

Nimeifikiria sana miezi ile minane. Kwa maoni yangu, skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra na hisia, inajulikana kwetu kwa nusu yake moja tu, ile yenye kelele, ilhali nusu ya pili, iliyo kimya, tumeipa majina ya tabia mbaya: uvivu, kiburi, ujeuri, uchafu. Kosa hilo humchelewesha mgonjwa kufika kwa daktari, na, jambo ambalo huzungumzwa kwa nadra, huendelea kumwandama hata baada ya kupata dawa.

Madaktari huzigawa dalili za ugonjwa huu kuwa chanya na hasi, na tafsiri hiyo naiona inapotosha kidogo, kwa sababu msikilizaji hudhani dalili chanya ni dalili njema. Kinachokusudiwa ni hesabu ya kujumlisha na kutoa. Chanya ni kile ambacho ugonjwa umekiongeza katika akili ya mtu: sauti ambazo mwingine hazisikii, mara nyingi zikimtukana, zikimwamrisha au zikisimulia kila anachofanya, maruweruwe ya kuona visivyokuwepo, na imani zisizotikisika kwa hoja yoyote, kama vile kwamba mtangazaji wa redio anamsema yeye, au kwamba jirani anayasoma mawazo yake. Hasi ni kile kilichopunguzwa, nacho ni hamu ya kufanya jambo, wingi wa maneno, uchangamfu wa uso, raha ya kukaa na wenzake, hata ari ya kuoga na kubadili nguo. Juu ya hayo, umakini na kumbukumbu hulegea, mtu akashindwa kufuata mazungumzo marefu au kupanga shughuli za siku moja.

Aliyeupa ugonjwa huu jina lake ni Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, ambaye mwaka 1908 aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kupasuka na jingine la akili. Hakumaanisha mtu mwenye nafsi mbili anayebadilika kama kinyonga, kama filamu zilivyotuzoesha kuamini; alimaanisha kwamba fikra, hisia na utashi, ambavyo kwa kawaida huenda pamoja, vimeachana njia. Kilichonishangaza nilipoanza kusoma habari hizi ni kwamba Bleuler alizihesabu sauti na imani za ajabu kuwa ni dalili za ziada, na katika kiini cha ugonjwa akaweka mambo kama kukatika kwa mfungamano wa mawazo, kufifia kwa hisia na kujitenga na ulimwengu. Neno alilolibuni kuelezea kujitenga huko ndilo ambalo baadaye lilihamishiwa kwenye hali nyingine kabisa, ile ambayo kwa Kiswahili tunaiita usonji. Yaani mwanzilishi wa jina aliutazama kwanza ukimya, na sisi, zaidi ya miaka 100 baadaye, tunangoja mtu avue nguo sokoni ndipo tukubali kuwa ni mgonjwa.

Nakiri kwamba kuitambua nusu hiyo si kazi rahisi. Ugonjwa huu kwa kawaida huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini na kitu, kwa wanaume mapema kidogo kuliko wanawake, na huo ndio umri ambao vijana wazima kabisa hununa, hujifungia na kukataa kusalimia. Madaktari wenyewe hawakimbilii kutoa jina. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, unataka dalili ziwe zimedumu angalau mwezi mmoja, na ule wa Wamarekani, DSM-5, unataka miezi 6. Tena kabla ya hapo daktari makini hupima malaria, kaswende na VVU, huuliza habari za kifafa, pombe na dawa za kulevya, kwa kuwa yote hayo yanaweza kumfanya mtu apayuke. Kwa hiyo simshauri mzazi amburure hospitali kila kijana mwenye kisirani. Nazungumzia yule ambaye kila anayemjua anaona kwamba amekuwa mtu mwingine: rafiki hana, mpira aliokuwa akiupenda hautazami, daftari lake limejaa maandishi yasiyoshikana, na wiki zinapita bila kurudi alivyokuwa.

Kuhusu chanzo, swali lililoulizwa nyumbani kwetu lilikuwa ni nani kamfanyia. Mganga mmoja alimweleza mama mdogo kwamba jini la ukoo limekasirika kwa kuwa yeye alipuuza sadaka ya marehemu bibi, na mama mdogo akalala na hatia hiyo miaka miwili. Lakini tusidhani kwamba lawama za namna hii ni za kwetu peke yetu. Mwaka 1948 huko Marekani, Frieda Fromm-Reichmann, tabibu wa akili aliyeheshimika sana, aliandika juu ya mama ambaye malezi yake ndiyo yanayomzalishia mtoto skizofrenia, na kwa miaka mingi baadaye akina mama wa huko waliambiwa na watu wenye shahada kwamba ubaridi wao ndio uliowaharibu watoto. Nikilinganisha, sioni kwamba mganga wetu alikuwa mkatili zaidi.

Kinachojulikana sasa hakimwachii mama hatia yoyote. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba takriban mtu 1 katika kila watu 300 duniani anaishi na ugonjwa huu, tajiri kwa maskini, Mwislamu kwa Mkristo. Urithi una nguvu: pacha wa kufanana akiugua, uwezekano wa mwenzake kuugua hukaribia nusu. Lakini nusu nyingine haiugui, ingawa damu ni ileile, na mtoto mwenye mzazi mmoja mgonjwa ana nafasi ya takriban asilimia 90 ya kubaki salama, jambo ambalo wachumba wengi wangefurahi kuambiwa kabla ya posa kuvunjwa. Mengine hutokea mapema, tumboni na wakati wa kuzaliwa. Baada ya njaa kali iliyoikumba Uholanzi katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, watoto ambao mimba zao zilitungwa wakati njaa imekaza walikuja kuugua skizofrenia ukubwani kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wenzao. Na majirani wetu waliotaja bangi hawakukosea kabisa, maana kuivuta sana tangu umri mdogo huongeza hatari kwa aliye na mwelekeo huo. Walichokosea ni kuigeuza kuwa hukumu. Kijana wetu hakuwahi kuivuta, na hata angeivuta, bado angehitaji daktari.

Alipofikishwa hospitali alianzishiwa haloperidoli ya vidonge, kisha sindano ya kila mwezi. Dawa za aina hii zina historia fupi kuliko wengi wanavyodhani, kwani ni mwaka 1952 tu ambapo madaktari wawili wa Paris, Jean Delay na Pierre Deniker, walionyesha kwamba klopromazini inaweza kumtuliza mgonjwa na kuzififisha sauti zake, na hadi leo dawa nyingi za ugonjwa huu hufanya kazi kwa njia ileile ya kupunguza nguvu ya dopamini, kemikali inayopeleka taarifa katika ubongo. Kwa mdogo wangu sauti zilinyamaza katika wiki ya tano. Alikunywa chai ya mama yake bila kuinusa. Tulichinja kuku, tukamshukuru Mungu, tukasema amepona.

Ni hapo ndipo tulipokosea kwa mara ya pili, na naliona kosa hili kuwa baya kuliko la kwanza. Dawa hizo hukiondoa vizuri kile kilichoongezwa, lakini kile kilichopunguzwa hazikirudishi sana. Kijana hakupiga tena kelele, ila alikaa juu ya mkeka kutwa, na watu waliomwonea huruma alipokuwa akipayuka wakaanza kumkasirikia kwa kuwa sasa, kwa macho yao, ni mzima asiyetaka kazi. Mjomba wake alimwambia mbele ya wageni kwamba anakula kama mwanamume na kulala kama mtoto. Aidha, dawa zenyewe zilikuwa zimemkakamaza: alitembea bila kupunga mikono, mate yakimtoka, vidole vikitetemeka. Tulipolieleza jambo hilo kliniki, muuguzi alitujibu kwamba dawa ndivyo zilivyo, na hakuinua macho kutoka kwenye daftari lake. Mgonjwa naye akaamua la kwake, akawa anakwepa sindano, na kabla ya miezi mitatu sauti zilikuwa zimerudi.

Daktari mwingine, katika mji mwingine, alifanya mambo mawili ambayo hayakuwa na muujiza wowote: alipunguza dozi na kuongeza kidonge cha kulegeza mkakamao, kile ambacho wengi wanakijua kwa jina la Artane. Wapo ambao hata dawa mbili tofauti hazijawafaa, na kwao ipo klozapini, inayodai kupimwa damu mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe. Ni usumbufu, lakini kuna waliorudi mezani pa familia kwa sababu yake. Mgonjwa anayelalamikia madhara ya dawa anatoa taarifa ya kitabibu na anastahili kusikilizwa, maana asiposikilizwa ataitupa dawa, nasi tutamwita mkaidi.

Kuhusu maneno ya nyumbani, kuna jambo ambalo ningependa kila mjomba alisikie. Katika miaka ya 1950, George Brown na wenzake huko London waliwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali, wakakuta kwamba waliorudi kwa wazazi au wenzi wao walizidiwa tena zaidi kuliko waliokwenda kuishi kwa kaka na dada au katika vyumba vya kupanga. Tafiti zilizofuata zilionyesha kilichokuwa kikiwarudisha wodini: lawama, uhasama, na kumwingilia mtu mzima katika kila anachofanya. Miaka mingi baadaye, mwanaanthropolojia wa Marekani, Juli McGruder, aliishi karibu na familia za Unguja zenye wagonjwa wa skizofrenia, na akaeleza jinsi imani kwamba masheitani huja na kuondoka ilivyozisaidia baadhi yao kutomlaumu mgonjwa, kumnywesha kombe, kumvumilia siku mbaya na kumrudishia nafasi yake siku njema. Hivyo sitamkataza mtu kuandika aya kwa zafarani na kumnywesha ndugu yake. Ugomvi wangu ni na yule anayeagiza dawa zitupwe, au anayemfunga mgonjwa minyororo na kumchapa viboko eti shetani aumie.

Mbali kidogo na kwetu, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, ipo hospitali ya Lutindi, ambayo ilianza mwishoni mwa karne ya 19 kama makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Huko kazi za mikono, shambani na karakanani, ni sehemu ya tiba. Wazo hilo tulilichukua bila kulipeleka mbali: mama mdogo alianza kumpa mwanawe kazi moja kwa siku, ndogo, yenye mwisho unaoonekana, na kumshukuru ikifanyika bila kufoka isipofanyika. Kwanza ilikuwa kuchota ndoo moja ya maji. Baadaye miche ya machungwa nyuma ya nyumba ikawa yake.

Bado hazungumzi sana, na shikamoo yake hutoka kwa sauti ambayo lazima uisogelee. Lakini nilipokwenda mwezi uliopita nilimkuta amesimama mlangoni, ameoga, kadi ya kliniki iko mfuko wa shati, akimuuliza mama yake kwa nini wamechelewa.